Pima naitrojeni, si mbolea: kwa wanaoanza majaribio ya stroberi

Unapoanza jaribio la stroberi hapa Kabete, jani lisikudanganye. Mmea ulioshiba naitrojeni unapendeza kweli, majani mapana ya kijani kilichokolea, lakini ndani ya tunda mara nyingi fenoli, yaani kemikali za mmea za kinga na rangi, hupungua, na vitamini C pia. Kuna asidi-amino iitwayo fenilalanini. Mmea huitumia kujenga protini, na hiyo hiyo hutengenezea fenoli, zikiwemo anthosianini zinazolipa tunda wekundu wake. Naitrojeni ikiwa tele, ukuaji huchukua sehemu kubwa ya fenilalanini hiyo. Kisha majani hayo hulifunika tunda, na tunda lililokosa jua halikolei vizuri.

Chukua kipimo cha kilo 60 za naitrojeni kwa hekta. Tuta la mita 1 kwa 10 litahitaji gramu 60 za naitrojeni, yaani gramu 230 za mbolea ya CAN yenye asilimia 26 ya naitrojeni, au gramu 130 za urea yenye asilimia 46. Ukiweka gramu 230 za urea, umekaribia kuzidisha maradufu, na jaribio limeharibika kabla ya ua la kwanza. Kupima mbolea kwa kifuniko cha soda kunamfaa mkulima, ila hapa hakufai: kimoja hujazwa kwa kilima, kingine kwa usawa. Tumia mizani. Samadi nayo ina naitrojeni, ihesabu. Urea ifukie, maana ikiachwa juu ya udongo sehemu yake hupaa kama amonia. Gawanya kipimo mara tatu au nne, kwa sababu mvua ya Aprili huishusha naitreti, naitrojeni iliyoyeyuka majini, chini ya mizizi.

Wengi huharibu kazi wakati wa kuchuma. Chagua matunda yaliyoiva kiwango kimoja, asubuhi ile ile, ya juani na ya kivulini kwa uwiano sawa katika kila tuta. Yatie kwenye barafu papo hapo. Vitamini C haisubiri foleni ya magari ya Waiyaki Way.

Maabarani, kipimo cha fenoli kiitwacho Folin-Ciocalteu huitikia vitamini C pia, kwa hiyo pima vitamini C peke yake uone imechangia kiasi gani. Toa matokeo kwa uzito mbichi na mkavu, kwani tofauti nyingine ni ya maji tu. Kipimo cha Briksi husoma sukari hasa. Usiiandike kama fenoli.

Na usikimbilie kuunyima mmea chakula. Wenye njaa huweza kuonyesha fenoli nyingi kwa gramu huku ukizaa matunda machache. Zidisha kiwango cha fenoli kwa mavuno ya tuta zima, ndipo ulinganishe.