Wape Wanafunzi Vyanzo Vinavyopingana

Ukimpa mwanafunzi wa kidato cha tano vyanzo vitatu vinavyokubaliana, atakuletea insha ya aya tatu: chanzo cha kwanza kinasema hivi, cha pili hivi, cha tatu hivi. Yeye mwenyewe hayumo. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha historia, kumwongezea vitabu hakusaidii. Kinachosaidia ni vyanzo vinavyopingana.

Mimi hutumia Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani Tanganyika, 1905 hadi 1907. Upande mmoja naweka maelezo ya Gavana wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, anayewatupia lawama waganga na watawala wa jadi. Upande wa pili naweka masimulizi ya wazee yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Humo utakuta mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko na kodi. Kisha naongeza idadi ya waliokufa: serikali ya Wajerumani ilitaja 75,000, mwanahistoria Gilbert Gwassa akakadiria 250,000 hadi 300,000.

Hapo darasa linachangamka. Nani alihesabu? Alihesabu lini? Waliokufa kwa njaa baada ya askari kuchoma mazao na maghala wamo? Mwanafunzi akianza kuuliza hivyo, tayari anafanya utafiti.

Kabla ya kuandika, wachore jedwali: vyanzo juu, maswali pembeni. Kila kisanduku kijazwe kwa maneno yao, pamoja na namba ya ukurasa. Ukurasa usipoandikwa siku hiyo, hautapatikana tena.

Halafu vyanzo vifungwe. Aya ianze na hoja ya mwanafunzi, vyanzo vifuate kuitetea au kuipinga. Tazama tofauti. Mmoja anaandika: “Götzen anasema waganga ndio walioanzisha vita. Wazee wanasema ni pamba.” Mwingine anaandika: “Kuwalaumu waganga kuliiepusha serikali na swali la pamba, swali ambalo wazee wanalirudia kila mara.” Vyanzo ni vilevile, lakini huyu wa pili ameviunganisha na ametoa hukumu. Andikeni sentensi zote mbili ubaoni, muwaache wajadili ipi ina kazi zaidi.

Vitabu vikiwa vichache, gawa dondoo kwa vikundi, kila kikundi kilete chanzo chake mbele. Na jedwali lisahihishwe kwanza, insha baadaye. Mwanafunzi mwenye visanduku vitupu arudi kusoma kabla hajaandika hata aya moja.