Kwa Mnaoanza Kusoma Kisiwa cha Mbali: Anzeni na Vyombo Vinavyofika

Ukipewa kazi ya kueleza jiografia, utamaduni na uchumi wa kisiwa kilicho peke yake baharini, usivigawe sura tatu. Wanafunzi wengi niliowasimamia huanza na urefu wa mlima, wakamalizia na vyakula, na msomaji asijue watu wa pale wanaishije. Mimi huwauliza kwanza: chombo gani kinatia nanga pale, na kinafuata nini?

Chukua Saint Helena, eneo la ng'ambo la Uingereza katika Atlantiki ya Kusini, kilomita 1,900 hivi kutoka bara la Afrika. Eneo lake ni kilomita za mraba 120 hivi, watu kama 4,500. Andika tarakimu hizo, usonge mbele. Zamani meli zilizotoka Mashariki zilipita Jamestown, mji wa bandari wa kisiwa, kuteka maji na kununua vyakula. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, nyingi zikabadili njia, na bandari ikakosa wateja. Karne iliyofuata wenyeji wakategemea mmea wa nyuzi ulioletwa kutoka New Zealand, wakisokota kamba. Mwaka 1966 mteja wao mkubwa, Posta ya Uingereza, akahamia nyuzi za kiwandani, biashara ikafa. Aliyekulia Tanga kwenye mashamba ya mkonge hahitaji kusimuliwa zaidi.

Utamaduni nao uutafute bandarini kabla ya kuuliza habari za ngoma. Wenyeji, wanaojiita Saints, wametokana na walowezi na askari wa Kiingereza, watumwa kutoka Afrika na Madagaska, na vibarua wa Kichina. Umbali uleule ulikifanya kisiwa kiwe gereza zuri machoni pa watawala: Napoleon alipelekwa 1815, Dinuzulu wa Wazulu 1890, na 1917 akapelekwa Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar. (Sisi huku humtaja Khalid kwa ile vita fupi ya 1896, kisha tukamsahau.)

Kagua pia chanzo chako kimeandikwa lini. Kabla ya Oktoba 2017, ndege za abiria za ratiba zilipoanza kutoka Johannesburg, karibu watu wote walifika kwa meli. Hata hivyo, uwanja wa ndege haukuondoa ruzuku ya Uingereza, wala haukuwabakiza vijana wote nyumbani. Kwa hiyo uliza: anayemaliza shule huenda wapi kutafuta kazi? Mara nyingi utajibiwa kisiwa cha Ascension, visiwa vya Falkland au Uingereza.