Kabla Hujakopa Hela ya Mashine ya Faiba, Nisikilize Mimi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimemaliza chuo cha ufundi, mimi na wenzangu wanne tumepata mkopo wa halmashauri, tunataka kuingia kwenye faiba. Tununue mashine gani?"

Marahaba mdogo wangu. Faiba, kwa asiyeijua, ni uzi mwembamba wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Swali lako hilohilo ndilo lililoniponza mimi. Tena umeniandikia siku ambayo nimetoka Ujiji kumaliza kazi iliyowashinda mafundi wawili, wote wana mashine mpya kuliko yangu. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo, nimeisubiri siku hiyo miaka minne.

Naanza na aibu.

Miaka ya kuchimba mitaro na kuvuta nyaya naiacha, kila fundi anaijua. Ilifika siku mkandarasi mmoja, jina lake nalihifadhi, akaniamini na OTDR, ile mashine ya kutafutia mahali faiba ilipokatika. Kebo ilikuwa imekufa kwenye barabara ya kwenda Kasulu. Nikachomeka, nikabonyeza, mchoro ukatokea: kilomita 11.74. Nikasukuma gurudumu la kupimia kwa mbwembwe zote, vibarua nyuma yangu, tukaishia kwenye shamba la mzee mmoja, mihogo huku, michikichi kule. Tukachimba. Kebo tukaikuta nzima kama ilivyotoka kiwandani. Tukachimba kushoto, nzima. Kulia, nzima. Mzee wa watu akatoa kiti chake akaja kukaa pembeni kama yuko kwenye mpira. Jua linazama akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hicho unachokitafuta, ulikiweka wewe?"

Kesho yake alikuja fundi mwingine. Akaitazama mashine, akabadilisha namba moja tu kwenye mipangilio, akapima upya: kilomita 12. Akatembea mbele mita 256, kwenye kalvati ambapo greda lilikuwa limekwangua ukingo. Kebo iko nje, imekatika, inaning'inia. Hakuchimba hata koleo moja. Kama ningenyoosha miguu mwenyewe kwa dakika tano ningeiona kwa macho. Mkandarasi akaniambia mbele ya vibarua kwamba mimi si fundi, mimi ni mbonyeza vitufe. Nikalipwa siku mbili, nikaambiwa nisirudi. Neno lile nalikumbuka mpaka leo, na wala sitaki kujifanya limeisha.

Sasa sikia kosa lilikuwa wapi. OTDR haipimi umbali. Haina habari na kilomita wala na shamba la mzee. Inarusha mpigo mfupi wa mwanga ndani ya kioo, inasubiri vumbi la mwanga linalorudi nyuma, inahesabu muda. Basi. Umbali inaupata kwa kuzidisha nusu ya muda huo, maana mwanga umekwenda na kurudi, na mwendo wa mwanga, na mwendo huo unaiambia wewe. Katika ombwe mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiingia kwenye kioo unapunguza mwendo, na kiasi unachopungua ndiyo ile namba iliyoandikwa IOR kwenye mashine. Faiba nyingi za kawaida namba yake ni kama 1.468, yaani mwanga unakwenda kilomita 204,000 hivi kwa sekunde. Mtu aliyetumia mashine kabla yangu aliacha 1.500. Mimi sikuangalia. Na hata ningeangalia, nisingejua ni ya nini. Mashine ikaamini mwanga unakwenda polepole kuliko kweli, ikafupisha kilomita 12 kuwa 11.74. Mashine haikukosea. Ilijibu swali nililoiuliza.

Shuleni tulifundishwa hayo mambo, usiniambie hukufundishwa. Tuliyakariri kwa Kiingereza kama kasida, tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi nilikuja kuelewa nikiwa nimekaa nyumbani sina kazi, na kilichonielewesha ni ziwa.

Wewe wa Kasulu labda hukukulia majini, lakini sisi tuliozaliwa Kibirizi, Kigoma, kando ya ziwa, tunajua. Maji ya Tanganyika ni maangavu. Ukizama mita mbili, ukageuka ukatazama juu, anga lote unalikuta limejikusanya kwenye duara moja juu ya kichwa chako. Nje ya duara hilo huoni anga tena, unaona mawe ya chini yamegeuzwa, kama mtu ametandaza kioo cha kujitazamia juu ya maji. Utotoni tulidhani ni mazingaombwe. Kumbe ni hesabu. Mwanga unaotoka majini kwenda hewani ukigonga uso wa maji karibu na wima, unapita, umepinda kidogo. Ukigonga kwa kulala, kuanzia nyuzi 49 hivi kutoka wima, haupiti kabisa, wote unarudi chini. Umefungiwa ndani ya maji.

Faiba ni hilo ziwa, limevutwa likawa uzi. Kiini cha kioo katikati, ganda la kioo kingine kukizunguka, na kiini kimeongezewa kitu kidogo, mara nyingi madini ya jerimani, ili mwanga uende polepole zaidi ndani yake kuliko kwenye ganda. Tofauti ya vioo hivyo viwili haifiki hata nusu ya asilimia moja! Ndiyo maana mwanga unakubali kufungiwa pale tu unapokwenda karibu sambamba na uzi. Ukichepuka zaidi ya nyuzi 5 hivi, unatoroka kwenye ganda na hurudishiwi.

Lakini hapo pia wengi wanaishia, na mimi niliishia hapo kwa muda. Ukiishia hapo kazi ya Ujiji inakushinda. Kiini cha faiba ya masafa marefu kina kipenyo cha mikromita 9 hivi. Unywele wako ni kama mikromita 70. Kwenye njia nyembamba namna hiyo mwanga si mshale tena unaogonga kuta, ni wimbi, na wimbi ni pana kuliko kiini chenyewe. Kingo zake zinatembea ndani ya ganda. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 upana wake ni kama mikromita 9.2, ule wa 1550 kama 10.4. Mrefu ndiye mpana. Shika hilo, utalihitaji.

Na kwa nini tunatumia 1550 kama ni mpana hivyo? Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, enzi za karabai. Nikiwa mdogo aliwahi kunionyesha kwamba kitambaa chekundu kikizama hakichukui muda kinakuwa cheusi, cha bluu unaendelea kukiona. Maji yana rangi yanayoipitisha na rangi yanayoimeza. Kioo nacho kina yake, ila hatuioni kwa macho: penye 1550 kinapoteza kama desibeli (kipimo cha mwanga unaopotea) 0.2 tu kwa kilomita, penye 1310 kama 0.35. Mwaka 1966 mwanasayansi Charles Kao na mwenzake George Hockham waliandika kwamba kioo kikisafishwa uchafu wake kinaweza kubeba mawasiliano, wakati vioo vya siku zile vilipoteza kama desibeli 1,000 kwa kilomita. Walichotaka ni 20 tu, yaani baada ya kilomita moja ibaki asilimia 1 ya mwanga. Mwaka 1970 watu wa kiwanda cha Corning, Marekani, wakaivuka. Kao akapewa Nobel mwaka 2009. Alisubiri miaka 43, na mimi nalalamika minne.

Haya, Ujiji.

Mama mmoja ana nyumba ya wageni. Intaneti inakata, taa ya LOS, ya kuonyesha mwanga haufiki, inawaka nyekundu, wageni wanadai punguzo. Fundi wa kwanza akabadilisha rauta. Wa pili akabadilisha konekta, vile vichwa vya kuchomekea waya, zote mbili, akamwambia mama tatizo liko kwa kampuni. Nilipofika mama alikuwa hataki hata kuniona. "Na wewe umekuja kubadilisha nini?" Nikamwambia, mama naomba tu maji ya kunywa na nusu saa.

Pawa mita, kipimo cha nguvu ya mwanga, ikasoma -28.9 kwenye wimbi la 1490. Vifaa vingi vya mteja vikishuka chini ya -27 vinaanza kuchechemea. Kwenye boksi la nguzoni mwanga ulikuwa mzuri. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye waya wa kuingia ndani, kama mita 90. Wale wawili waliupima huo waya, mama aliniambia walipima, na nina hakika walipima kwa 1310 peke yake, kwa sababu mimi nilipopima kwa 1310 nilipata hasara ya desibeli 0.6. Unaweza kusema waya ni mzima. Nikageuza chanzo cha mwanga kwenye 1550: desibeli 6.8. Waya uleule, konekta zilezile, dakika moja baadaye. Kwenye 1310 unafika karibu wote, kwenye 1550 inafika kama asilimia 20.

Konekta chafu mara nyingi inakula mawimbi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Kinachokula lile refu na kuliachia fupi ni kona. Fikiria watoto wa shule kwenye gwaride wanapogeuka: wa ndani anapiga hatua palepale, wa nje inabidi akimbie. Faiba ikikunjwa, ukingo wa nje wa wimbi inabidi ukimbie kuliko kioo kinavyoruhusu, haiwezekani, basi kipande hicho kinaachwa kinapotea. Na wimbi pana lina watoto wengi zaidi huko nje.

Nikajua natafuta kona, sasa iko wapi? Nikachomeka kalamu ya mwanga mwekundu, nikamwomba mama azime taa na kufunga mapazia. Tukasimama kimya gizani, mimi, mama na binti wa usafi. Kisha binti akasema, "Ile pale." Nyuma ya kabati la mapokezi kulikuwa na kimulimuli chekundu, kinawaka kupitia ganda jeupe la waya. Nikasogeza kabati. Waya wa ziada ulikuwa umezungushwa kwenye msumari, mizunguko minne ya upana wa kidole gumba, ukafungwa kwa kamba ya katani, safi kabisa. Binti akainamisha kichwa. Alikuwa amepanga tu vitu. Nikamwambia hana kosa, na kweli hana. Mwenye kosa ni aliyevuta ndani ya nyumba faiba ya aina ya G.652, ya njia ndefu, ambayo haitaki kukunjwa chini ya milimita 30 za nusukipenyo. Ipo G.657, na ile ya A2 inavumilia mpaka 7.5, kwa sababu kiini chake kimezungushiwa kitu kama mtaro unaolirudisha wimbi ndani.

Nikafungua kamba. Pawa mita ikapanda mpaka -23.4 mkononi mwangu. Kijani ikawaka. Mama akacheka, akamtuma binti akaniletee migebuka miwili ya kukaanga, na nikala palepale kaunta.

Sasa ushauri, maana najua ndiyo ulichofuata.

Safisha konekta. Safisha kabla ya kupima, safisha kabla ya kuchomeka, hata kama imetoka kwenye mfuko mpya. Chembe ya vumbi ya mikromita 9 kwako si kitu, kwa kiini ni mlango umefungwa. Na usipulize kwa mdomo! Pumzi yako ina mvuke. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi ya kusafishia.

Pima kwa mawimbi mawili, sikuzote mawili. Nimeshasema.

Kijani na kijani, bluu na bluu. Konekta ya kijani uso wake umekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ili mwanga unaoakisiwa utupwe kwenye ganda badala ya kurudi ulikotoka. Ukiibananisha na ya bluu unaacha pengo la hewa katikati, halafu unalaumu kampuni.

Angalia IOR. Hiyo nimelipia kwa jina langu.

Na safisha konekta.

Mnaniona mkali, ila nimechoka. Vijana tunapenda kifaa. Tunapiga nacho picha, tunaweka status, mashine iko mezani na karatasi ya plastiki haijatolewa. Ukimuuliza mwenzako kwa nini 1550 imepotea na 1310 imebaki, anakwambia mashine ni mbovu. Mashine ya kuunganishia nyuzi za faiba ni lazima uwe nayo siku moja, sikatai, mimi mwenyewe ninayo na bado nadaiwa. Lakini mwanga hauna habari na mkopo wako. Kaeni nyinyi watano na waya wa mita 90, kalamu nyekundu na pawa mita ya kuazima. Ukunjeni, ukunjueni, mwandike namba kwenye daftari kwa wiki nzima. Mkichoka njooni Kigoma nikupelekeni Kibirizi mzame mtazame juu. Sitanii.

Yule mzee wa shamba nilipita kumsalimia Jumapili. Shimo langu hakulifukia, amepanda mgomba, umeshazaa. Aliniuliza kama nilikipata kile nilichokuwa nakitafuta.

Haya yote nilimtumia kwanza kijana wa Kasulu, kabla ya kuyaweka hapa. Amenijibu jana usiku: "Asante sana kaka, nimekuelewa vizuri. Kwa hiyo mashine tununue ipi?"