Maswali ya Wasomaji: Je, Marejesho ya Kodi ya Mapato Nayo Hutozwa Kodi?

Wasomaji wetu waishio Marekani wameuliza, kwa namna mbalimbali, kuhusu fedha wanazorejeshewa baada ya kuwasilisha ritani zao za kodi. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu imegusa kiini cha jambo lenyewe.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwajiriwa katika jimbo la Minnesota, na nina nyumba ninayoilipia mkopo wa benki. Mwaka 2025 jimbo lilinirejeshea dola 900 za kodi ya mapato ya mwaka 2024, na serikali ya shirikisho nayo ikanirejeshea dola 2,300. Sasa nimepokea fomu 1099-G inayoonyesha zile dola 900. Mtayarishaji wangu wa ritani anasema lazima tuziingize kwenye mapato. Mwenzangu kazini, ambaye mshahara wake unakaribiana na wangu na ambaye alirejeshewa kiasi hichohicho na jimbo hilohilo, ameambiwa kuwa yeye hadaiwi kitu. Inawezekanaje sheria moja itupe majibu mawili? Na je, kuzitoza kodi fedha zilizotokana na kodi niliyozidisha si kunitoza mara mbili? — *Msomaji, Minneapolis*

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na zile dola 2,300 za serikali ya shirikisho, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hizo si mapato, na hutaziandika popote katika ritani yako ya shirikisho. Kodi ya mapato ya shirikisho hairuhusiwi kutolewa kama punguzo unapokokotoa kodi hiyohiyo, kwa hiyo mwajiri wako alipokata zaidi ya ilivyopasa hukupata nafuu yoyote kwa kukatwa huko, na serikali inapokurudishia ziada inakurudishia fedha zako tu.

Zile dola 900 za jimbo zinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kodi ya jimbo, tofauti na ya shirikisho, inaweza kutumika kupunguza mapato yanayotozwa kodi na serikali ya shirikisho. Kila mlipakodi huchagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua punguzo la kawaida, yaani kiasi kilichowekwa na sheria ambacho hakihitaji uthibitisho wa matumizi yoyote. Kwa mwaka 2024 kiasi hicho kilikuwa dola 14,600 kwa mtu asiye na mwenzi na dola 29,200 kwa wanandoa wanaowasilisha ritani pamoja. Ya pili ni kuorodhesha matumizi halisi katika Jedwali A: riba ya mkopo wa nyumba, sadaka na michango kwa taasisi zinazotambuliwa, kodi ya jengo, na kodi ya mapato ya jimbo. Aliyechukua punguzo la kawaida hakuitumia kodi ya jimbo kujipunguzia chochote, aliyeorodhesha aliitumia. Swali la kujiuliza, basi, ni hili: je, fedha ulizorejeshewa zilikwisha kukupunguzia kodi ya shirikisho katika mwaka uliotangulia? Kama hazikukupunguzia, marejesho hayo si mapato. Kama zilikupunguzia, huhesabiwa kuwa mapato, lakini kwa kiwango cha nafuu uliyoipata tu, wala si lazima yawe yote.

Hapo ndipo ulipotofautiana na mwenzako. Bila shaka yeye alichukua punguzo la kawaida, kama wafanyavyo walipakodi walio wengi sana, na wewe, kwa sababu ya riba ya nyumba, uliorodhesha. Fomu 1099-G haijui habari hizo. Jimbo hutaja kiasi lilicholipa na mwaka wa kodi kinaohusu, kisha hupeleka nakala kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya shirikisho. Kuipokea fomu hiyo si hukumu kwamba unadaiwa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kuna watu wanaolipa kodi wasiyodaiwa kwa kuogopa karatasi tu.

Kuhusu malalamiko yako ya kutozwa mara mbili, naomba ufuate hesabu hii, ambayo takwimu zake nimezibuni ili kuonyesha mwendo wake. Tuseme katika ritani ya mwaka 2024 mtu asiye na mwenzi aliorodhesha riba ya mkopo dola 6,300, michango dola 1,500, kodi ya jengo dola 2,600, na kodi ya jimbo iliyokatwa kwenye mshahara dola 4,900. Jumla ni dola 15,300, yaani dola 700 zaidi ya punguzo la kawaida. Baadaye inabainika kwamba kodi yake halisi ya jimbo ilikuwa dola 4,000, naye anarejeshewa dola 900. Laiti angalijua hayo tangu mwanzo, jumla yake ingekuwa dola 14,400, na kwa kuwa kiasi hicho ni kidogo kuliko dola 14,600, angechukua punguzo la kawaida. Nafuu aliyoipata kutokana na ile kodi iliyozidi ni dola 700, si dola 900. Kwa hiyo katika ritani ya mwaka 2025 ataandika dola 700 kuwa mapato, na kama yumo katika ngazi ya asilimia 22, kodi ya ziada itakuwa dola 154. Hakutozwa mara mbili: mwaka 2024 dola hizo 700 ziliondolewa kwenye mapato yake zisitozwe, na sasa zimerudishwa mahali pake.

Kwa hiyo usikubali mtayarishaji wako aziingize dola 900 zote bila kukuonyesha hesabu. Maelekezo ya fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe ya shirikisho, yana karatasi ya kukokotolea marejesho ya kodi ya jimbo, na programu za kutayarishia ritani hufanya kazi hiyo zenyewe zikipewa takwimu za ritani ya mwaka uliopita. Matokeo huandikwa katika mstari wa kwanza wa Jedwali 1. Ukimpelekea mtayarishaji mpya fomu 1099-G bila ritani ya mwaka uliopita, hana namna ya kujua nafuu uliyoipata, na hapo ndipo wengi huingiziwa kiasi chote. Mpelekee zote mbili.

Yapo mambo mengine yanayoweza kulibadilisha jibu, na lililo kubwa kuliko yote ni ukomo wa kodi za majimbo na serikali za mitaa zinazoweza kuorodheshwa. Tangu mwaka 2018 hadi 2024 ukomo huo ulikuwa dola 10,000, au dola 5,000 kwa mwanandoa anayewasilisha ritani peke yake. Wanandoa waliokatwa kodi ya jimbo dola 9,000 na kulipa kodi ya jengo dola 5,000 walilipa jumla ya dola 14,000, lakini waliruhusiwa dola 10,000 tu. Wakirejeshewa dola 1,500 na jimbo, bado wanabaki na dola 12,500, kiasi kinachouzidi ukomo; punguzo lao lingekuwa lilelile hata kama wangekatwa sawasawa, kwa hiyo hawaandiki hata senti moja. IRS yenyewe ilithibitisha msimamo huo katika uamuzi wake wa mwaka 2019.

Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeupandisha ukomo huo hadi dola 40,000 kuanzia mwaka wa kodi 2025, ingawa hupunguzwa kwa wenye mapato yanayozidi dola 500,000. Wengi wamelifurahia badiliko hili, na wana haki ya kufurahi, lakini lina upande wake wa pili: wale ambao marejesho yao hayakuwa yakitozwa kwa sababu ukomo uliwabana, sasa wanaweza kuiorodhesha kodi yao yote ya jimbo, na marejesho watakayopokea mwaka 2026 kwa ajili ya mwaka 2025 yatakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuhesabiwa kuwa mapato. Aliyezoea kuandika sifuri kila mwaka asiandike sifuri kwa mazoea.

Nyongeza mbili za haraka. Aliyeorodhesha kodi ya mauzo badala ya kodi ya mapato ya jimbo haguswi na marejesho ya kodi ya mapato ya mwaka huo. Na marejesho huhesabiwa kuwa umeyapokea hata kama hayakufika mkononi, kwa mfano ulipoomba yahamishiwe kwenye kodi ya mwaka unaofuata, au yalipochukuliwa kulipia deni lako.

Mwisho, kiasi utakachokiingiza katika ritani ya shirikisho hakitakufuata kwenye ritani ya jimbo. Minnesota hukuruhusu kukiondoa, kwa kuwa haitozi kodi marejesho ya kodi yake yenyewe. Hakikisha mtayarishaji wako hakuuruka mstari huo.

Swali: Marejesho yangu ya shirikisho yalichelewa kwa miezi kadhaa, na yalipofika yalikuwa zaidi ya nilivyotarajia. Nimeambiwa ziada hiyo ni riba. Je, nayo ni fedha yangu isiyotozwa kodi? — *Msomaji, Columbus, Ohio*

Jibu: Hapana, riba hutozwa kodi. IRS inapochukua zaidi ya siku 45 kulipa marejesho, zikihesabiwa tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, au tangu siku uliyowasilisha kama ulichelewa, kwa kawaida hukulipa riba. Kiwango kwa watu binafsi kilikuwa asilimia 8 kwa mwaka katika mwaka 2024 na asilimia 7 katika mwaka 2025. Marejesho ni fedha zako zilizokuwa zimeshikwa, lakini riba ni pato jipya, sawa na riba ya akaunti ya benki. Ikifikia dola 10 utatumiwa fomu 1099-INT, nawe utaiandika pamoja na riba zako nyingine katika ritani ya mwaka ulioipokea. Isipofikia dola 10 fomu haitakuja, lakini wajibu wa kuiandika unabaki palepale.

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, na mshahara wangu ni mdogo. Narejeshewa fedha nyingi kuliko kodi niliyokatwa mwaka mzima. Jirani yangu ananitisha kwamba ziada hiyo ni mapato, na kwamba nitaondolewa kwenye msaada wa chakula. Nisaidie, sitaki kuvunja sheria wala sitaki watoto wangu walale njaa. — *Msomaji, Houston, Texas*

Jibu: Mama, ondoa hofu. Ziada hiyo inatokana na unafuu wa kodi ambao sheria inaulipa hata kwa mtu ambaye kodi yake imefika sifuri: unafuu wa wafanyakazi wenye kipato kidogo, ambao kwa mwaka 2024 ulifikia hadi dola 7,830 kwa mwenye watoto watatu au zaidi, na sehemu ya unafuu wa watoto inayoweza kulipwa taslimu. Fedha hizo si mapato yanayotozwa kodi, hata kama zinazidi ulichokatwa.

Kuhusu msaada wa chakula, sheria ya shirikisho inasema kwamba marejesho ya kodi ya shirikisho hayahesabiwi kuwa mapato katika programu za misaada zinazogharimiwa na serikali ya shirikisho, zikiwamo msaada wa chakula na Medicaid, yaani bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Zaidi ya hayo, kwa programu zinazoangalia akiba ya mwombaji, fedha hizo haziguswi kwa muda wa miezi 12 tangu ulipozipokea. Baada ya miezi hiyo, zilizobaki benki zinaweza kuhesabiwa kuwa akiba katika programu zenye kikomo cha akiba. Kwa hiyo tunza karatasi inayoonyesha tarehe na kiasi ulichopokea, ili ukiulizwa na ofisi ya misaada uwe na ushahidi mkononi.

Swali: Mwaka 2023 jimbo la Minnesota lilitulipa dola 260 kila mmoja, na jimbo lilisema halizitozi kodi. Kwa nini IRS ilizihesabu kuwa mapato, ilhali sikuorodhesha matumizi mwaka wowote? — *Msomaji, St. Cloud*

Jibu: Kwa sababu malipo hayo hayakuwa marejesho ya kodi uliyozidisha. Yalikuwa malipo maalumu, ya kiasi kilichopangwa, yasiyotegemea kodi aliyokatwa kila mtu, na kwa hiyo kanuni ya kuorodhesha au kutoorodhesha haikuwa kinga yake. Malipo ya namna hiyo yaliyotolewa na majimbo mengi mwaka 2022 yalisamehewa, na IRS ilitangaza Februari 2023 kwamba haitayafuatilia. Moja ya sababu ilikuwa kwamba yalihusishwa na dharura ya ugonjwa wa UVIKO-19. Minnesota ililipa baada ya dharura hiyo kutangazwa kuwa imekwisha, na IRS ikashikilia kwamba ni mapato, ijapokuwa jimbo lilipinga. Naona uchungu wa wasomaji wetu katika suala hili ni wa haki, hasa kwa kuwa fedha zilikwisha kutumika kabla ya msimamo huo kujulikana. Lakini ndivyo sheria ilivyotumika.

Swali: Miaka miwili iliyopita niliandika marejesho yote ya jimbo kuwa mapato, na kumbe nilikuwa nimechukua punguzo la kawaida. Nimechelewa? — *Msomaji, Louisville, Kentucky*

Jibu: Hujachelewa. Wasilisha fomu 1040-X ya kurekebisha ritani ya mwaka ulioandika marejesho hayo, ueleze kwamba mwaka uliotangulia hukuorodhesha. Muda wa kudai ni miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani hiyo, au miaka miwili tangu ulipolipa kodi yenyewe, kutegemea ipi inamalizika baadaye. Na kodi ya shirikisho utakayorudishiwa kwa njia hiyo haitakuwa mapato.