Kwale wa msituni wanaenda wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi niko Masindi, Uganda, karibu na msitu wa Budongo. Zamani kwale walikuwa wanalia asubuhi, siku hizi kimya. Ni wawindaji tu ama kuna ingine?

JIBU: Marahaba ndugu. Mitego ya waya inawamaliza kweli maana hawa wanatembea chini kwa makundi, lakini kubwa zaidi ni miti. Kuna kwale anayepatikana Uganda na Kongo tu, dunia nzima! Anataga chini, katikati ya ile mizizi mipana ya miti mikubwa, sasa mkishakata hiyo kwa mbao atataga wapi, hata kama msitu kwa mbali unaonekana upo? Kwenye msitu wa Bugoma wamefyeka wakapanda miwa, inauma sana. Kwa ajili ya msitu wa Mabira, 2007 watu waliandamana ndo mpango wa miwa ukasimama. Mkiona waya msituni, ripotini UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda.