Maswali ya Wasomaji: Mgonjwa Wetu Tumpeleke Wapi?

SWALI: Dada Muuguzi, naishi Umoja na nina watoto watatu. Mwezi uliopita kitinda mimba wangu, mwenye umri wa miaka minne, alishikwa na homa usiku. Kulipopambazuka tulikipita kituo cha afya kilicho karibu na kwetu bila hata kuingia, tukapanda matatu mbili hadi hospitali kubwa ya rufaa, na huko tukakaa kwenye foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mwishowe tulipewa dawa ya kushusha homa na kuambiwa kwamba tungehudumiwa vivyo hivyo karibu na nyumbani. Mama mkwe wangu naye ana presha na kisukari, na kila mwezi mume wangu hupoteza siku nzima ya kazi ili ampeleke hospitali hiyo hiyo kuchukua vidonge. Nitajuaje ni ugonjwa upi wa kupeleka wapi?
Mama wa Umoja

JIBU: Mama wa Umoja, pole kwa siku hiyo ndefu, na ninafurahi kwamba mtoto alipona. Kabla ya kutoka nyumbani, jiulize mgonjwa anahitaji kufanyiwa nini leo: kupimwa na kupewa dawa, kupigwa picha, kuongezewa damu, au kupasuliwa. Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa kwa viwango sita kulingana na kazi hizo. Kiwango cha 1 ni wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka mitaani, cha 2 ni zahanati, cha 3 ni vituo vya afya, na katika viwango vya 4 na 5 mna hospitali zenye wodi na vyumba vya upasuaji, mfano Mama Lucy Kibaki na Mbagathi. Kiwango cha 6 ni hospitali za kitaifa za rufaa kama Kenyatta na, kwa maradhi ya akili, Mathari. Kazi yake kubwa ni kuwapokea wagonjwa waliotumwa kutoka chini, na ndiyo maana mtoto mwenye homa ya kawaida husubiri huko muda mrefu nyuma ya waliozidiwa.

Homa ya mwanao ilifaa kuanzia kituo cha afya. Pale mna muuguzi au afisa wa kliniki, na kipimo cha malaria cha tone la damu la kidole hutoa jibu kwa muda usiofika nusu saa. Kipimo hicho kina maana zaidi mkiwa mmetoka safari ya Kisumu au Pwani, kwa sababu Nairobi, kwa kuwa juu na baridi, haina malaria nyingi. Hata hivyo, mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepatwa na degedege, aliyelegea kiasi cha kutoamka vizuri, au ambaye mbavu zinabonyea ndani akipumua, huyo hasubiri kupambazuke. Mkimbize usiku huo huo kwenye hospitali iliyo karibu yenye wodi ya watoto, na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa achukuliwe vivyo hivyo hata kama hana dalili nyingine.

Kuhusu mama mkwe, hapa ndipo familia nyingi huchoka bure. Presha na kisukari vilivyotulia vinahitaji kipimo cha mara kwa mara, dawa zisizokatika na mtu anayemjua mgonjwa, na hayo yote yanaweza kufanyika kituo cha afya cha mtaani. Mwombe daktari wa hospitali hiyo amwandikie barua ya kumrudisha karibu na nyumbani, ikitaja dawa na kiasi chake. Siku ya kwanza mpeleke na daftari lake la kliniki pamoja na pakiti za dawa zenyewe ndani ya mfuko, kwa maana nimekaa kwenye meza hiyo miaka mingi na najua kwamba "kile kidonge cheupe kidogo" hakimsaidii muuguzi yeyote. Akifika, aketi dakika tano bila kuzungumza, mgongo ukiegemea kiti na mkono ukiwa usawa wa moyo, ndipo apimwe. Bibi aliyetoka tu kushuka matatu na kupanda ngazi hupata kipimo cha juu kisicho chake. Hospitali kubwa mwachie mambo machache: uchunguzi wa macho mara moja kwa mwaka, kidonda cha mguu kisichopona, au presha isiyoshuka hata kwa dawa kadhaa. Wahudumu wa afya ya jamii nao, ambao zaidi ya 100,000 walipewa vifaa vya kazi mwaka wa 2023, hubeba mashine ya presha na kipimo cha sukari. Muulize jirani ni nani anayehudumia mtaa wenu.

Akiwahi kupinda mdomo ghafla, kulegea mkono mmoja au kushindwa kutamka, zahanati itawapotezea muda. Hicho ni kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo ya CT. Ulizeni mapema, leo mkiwa wazima, ni hospitali ipi ya upande wenu yenye mashine hiyo inayofanya kazi usiku. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo msirudi nyumbani kutafuta pesa kwanza.

Upande wa gharama, sajilini kila mmoja wenu kwenye SHA, yaani bima ya afya ya serikali, kwa kubonyeza *147# kwenye simu, kwa kuwa huduma za viwango vya 2 na 3 hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa aliyejisajili, ilhali kulazwa hospitalini hutegemea michango iliyolipwa. Nakiri kwamba dawa wakati mwingine hukosekana kwenye vituo hivi, jambo linaloniuma sana. Pigeni simu au mtume mtu aulize kabla ya kumtoa mgonjwa.

SWALI: Kila nikipata homa, kliniki iliyo karibu na stendi hunitoa damu na kuniambia nina taifodi. Imetokea mara nne mwaka huu. Niiamini?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Ndugu yangu, nina wasiwasi nawe. Kipimo cha haraka cha damu kinachotumiwa mara nyingi, kiitwacho Widal, hukosea sana, na anayewahi kuugua au kuchanjwa anaweza kuonekana mgonjwa hali yeye ni mzima. Taifodi huthibitishwa kwa damu kuoteshwa kwenye maabara kabla ya kumeza dawa, na huduma hiyo utaipata kwenye hospitali yenye maabara kamili. Angalia pia kama leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari imebandikwa ukutani, na uliza jina na namba ya usajili ya anayekutibu. Nenda hospitali ya kaunti ukiwa na risiti na majibu ya mara zote nne, uwaonyeshe tarehe, na uwaambie ni dawa gani za kuua bakteria ulizomeza na kwa siku ngapi.