Mkono Uliovaa Glavu Si Lazima Uwe Mkono Safi

Kwa miaka sita sasa ninawahudumia wazee katika makao ya wazee huko Minnesota, Marekani, ambako wengi wetu kutoka Afrika Mashariki huanzia maisha kwa kazi hii. Kosa ninaloliona mara kwa mara kwa wageni wa kazi ni lile lile nililolifanya mimi, yaani kudhani kwamba ukishavaa glavu umemaliza habari ya usafi.

Usiku mmoja wa miezi yangu ya mwanzo nilimbadilisha nepi bibi mmoja asiyeweza tena kuinuka mwenyewe, nikamfuta, nikamfunika shuka hadi mabegani, nikabonyeza rimoti ya kitanda, kisha nikamshikia kikombe cha maji anywe, yote kwa glavu zile zile. Muuguzi wa zamu alikuwa mlangoni. Hakunifokea, aliniomba tu nimwonyeshe kila nilichogusa tangu nilipofungua nepi, nami nilipofika kwenye ukingo wa kikombe, machozi yalinilengalenga.

Kwa hiyo nakusihi: kazi chafu ikiisha, vua glavu hapo hapo, hata kama bado unamhudumia mtu yule yule, kisha takasa mikono kabla ya kugusa kitu kingine, maana glavu huweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka kwa urahisi wakati wa kuzivua. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za kutakasa mikono, na tunaousahau zaidi ni ule wa baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka mgonjwa, kama vile meza yake, kengele na vyuma vya pembeni mwa kitanda.

Sanitaiza hutosha mara nyingi, ukiisugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke, bila kusahau vidole gumba na ncha za vidole. Lakini mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mzee akiwa anaharisha, nenda kwenye sinki, kwa kuwa bakteria aitwaye Clostridioides difficile hujifungia katika ganda gumu ambalo spiriti ya sanitaiza haiwezi kulivunja. Sabuni na maji ndiyo humwondoa. Kausha mikono vizuri kabla ya kuvaa glavu nyingine. Wakati wa baridi ngozi hupasuka, basi ipake losheni, ila si mafuta ya mgando kabla ya kuvaa glavu za mpira, kwani huziharibu.

Wala usivae glavu kwa kila jambo. Kumchana mzee nywele au kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu hakuzihitaji, ikiwa hana kidonda wala hajawekewa tahadhari maalumu ya kuzuia maambukizi. Yule bibi alipenda kushikwa mkono kabla ya kulala, nami nilikuwa nikisugua sanitaiza mbele yake, nangoja ikauke, kisha nampa mkono mtupu.